Umebadilisha klachi na flaiwili, sasa gari inatetemeka: usikubali gia boksi ishushwe tena kabla hujapima haya

Hii shida iko sana huku kwetu, kutoka Nakuru mpaka Busia. Klachi ilikuwa inateleza, mkakubaliana na fundi mbadilishe kila kitu mara moja, klachi pleti, presha pleti inayoibana, rilisi bering na flaiwili pia (lile duara zito la chuma linalofungwa nyuma ya krenki, shafti kuu ya injini, na klachi inashikana nalo) ju ile ya zamani ilikuwa imechomeka mpaka ikawa na madoa ya bluu, ukalipa, ukatoka, na kabla hata hujafika stage inayofuata unaskia usukani unakutekenya mikono na kiti kinatetemeka. Unarudi, fundi anakuambia "itazoea tu boss, si unajua ni mpya."

Hiyo ya kuzoea ni ukweli nusu. Klachi mpya inaweza kuruka-ruka kidogo wakati unatoa gari, hizo kilomita mia tano za kwanza hivi, alafu ikishashikana vizuri na flaiwili inatulia. Lakini mtetemo unaokuja gari ikiwa imesimama, gia iko nyutro, wewe unakanyaga mafuta tu, huo hautazoea kitu. Chuma ambacho hakijabalansi hakijibalansi chenyewe barabarani.

Sasa kosa la pili ni kuruka upande ule mwingine, kwamba lazima ni flaiwili mbaya, shusha gia boksi tena leo leo. Hiyo ni kazi ya siku nzima na mara nyingi mnaikuta flaiwili haina neno, shida ilikuwa bolti moja ya mauntingi, zile raba zinazoshikilia injini na gia boksi kwa bodi. Kabla ya spana kushikwa unataka kujua mtetemo unafuata nini. Unafuata mzunguko wa injini? Spidi ya gari? Mguu wako kwa klachi? Ama unatokea tu injini ikibeba mzigo? Ukishajua hiyo, nusu ya vitu vya kushuku vinatoka kwa meza bila hata kulala chini ya gari.

Anza na gari ikiwa imesimama

Wacha injini ipate moto kabisa, weka mawe kwa magurudumu, vuta handbrake, gia nyutro. Usianze kukanyaga, kaa kwanza uskie vile inatetemeka ikiwa imewaka tu. Alafu panda polepole mpaka 1500 RPM (mizunguko ya injini kwa dakika), shikilia sekunde kadhaa, 2000, shikilia, 2500, shikilia, 3000. Ni vizuri mtu mwingine akanyage na wewe uwe na mkono juu ya dashbodi ama kwa kiti, ju mguu wako mwenyewe unaweza kukudanganya.

Angalia ni wapi mtetemo ni mbaya zaidi, hapo ndipo jibu kubwa liko. Kitu kinachozunguka bila balansi kinavuta kwa nguvu inayopanda haraka kuliko mzunguko wenyewe, ukidabo RPM nguvu inakuwa mara nne. Chukua mfano wa gramu 10 tu zimezidi upande mmoja wa flaiwili, sentimita 12 kutoka katikati. Ikiwa 750 RPM zinavuta kama uzito ambao hata kilo moja haufiki, huwezi hata kujua. Zikifika 3000 ni kama kilo 12 zinazovuta injini huku na huku mara 50 kwa sekunde. Kwa hivyo kama gari inatetemeka vibaya ikiwa imewaka tu na ukikanyaga mafuta inakuwa laini, mimi flaiwili siishuku kabisa, naenda kwa mauntingi na kwa silinda ambayo haichomi. Kama nayo iko sawa chini alafu kutoka 2000 inaanza kuvuma na kila ukiongeza inazidi, hapo sasa flaiwili na presha pleti ndio washukiwa namba moja. Na kama inatetemeka kwa RPM fulani tu, tuseme 1800, ukipita hapo inaisha, mara nyingi ni kitu kinaitikia, egzosi imegusa bodi ama kibati cha joto kimelegea.

Wenye simu yenye app ya kupima mtetemo, ziko za bure, weka simu juu ya kiti na usome hezi, yaani mtetemo ni mara ngapi kwa sekunde. Gawanya RPM kwa 60. Injini ikiwa 2400 na simu inaonyesha 40, hicho kitu kinazunguka mara moja kila krenki ikizunguka mara moja, yaani flaiwili, presha pleti, ama puli ya mbele. Silinda moja isiyochoma nayo hupiga nusu ya hiyo, ju kila silinda inachoma mara moja kwa mizunguko miwili, ndio maana gari ambayo silinda moja imekufa, kwa 800 RPM inakutingisha polepole, mara sita ama saba kwa sekunde, na hiyo unaiskia matakoni sio kwa vidole.

Sasa mguu wa klachi

Bado umesimama, nyutro, shikilia ile RPM ambayo mtetemo uko, alafu kanyaga klachi mpaka chini. Ukikanyaga, klachi pleti na shafti ya gia boksi zinaachana na injini, lakini flaiwili na presha pleti zinaendelea kuzunguka vile vile. Kama hakuna kilichobadilika, shida iko upande wa injini: flaiwili, presha pleti, ama kitu cha injini yenyewe. Kama mtetemo umepungua ama kuisha, angalia klachi pleti, pailoti bering (ile ndogo inayoshika ncha ya shafti ya gia boksi), na kama gia boksi imekaa sawa kwa injini. Kuna zile doweli mbili za beli hauzingi (ganda la gia boksi linalofunika klachi), vipini vifupi vya chuma, zikipotea kwa mchanga wa garage gia boksi inafungwa na bolti tu na inakaa imepinda kidogo sana, huwezi kuona kwa macho, lakini shafti inazunguka nje ya mstari. Uliza kama zilirudi.

Na kama mtetemo unatokea tu ukikanyaga klachi, na ukiachilia unaisha, hapo ni rilisi bering, ile inayosukuma presha pleti ukikanyaga klachi, ama vidole vya presha pleti inavyovisukuma havilingani. Vidole kutolingana mara nyingi husababishwa na vile presha pleti ilikazwa, mtu amekaza bolti moja mpaka mwisho ndio akaenda kwa ingine na mashine ya hewa.

Kabla ya flaiwili, vitu vilivyoguswa

Kushusha gia boksi unafungua vitu vingi ambavyo havina uhusiano na klachi, na kila kimoja kinaweza kurudi vibaya. Mimi naanza na mauntingi, kila wakati, hata kama fundi ameapa. Kuna Probox moja ilikuwa ya kubeba watu kutoka Kisumu kwenda Busia, mafundi wawili walikuwa wameshakubaliana flaiwili ni bandia na mwenye gari alikuwa ameshaanza kutafuta ingine. Boneti ikafunguliwa, mtu akaketi ndani amekanyaga breki, akaweka namba moja akaachilia klachi kidogo tu ya kufanya injini ivute, akarudia na rivasi. Injini ikainuka upande mmoja kama inataka kutoka. Chini, mauntingi ya upande wa gia boksi, bolti mbili zilikuwa zimekaza na ya tatu imeshika nyuzi mbili tatu za mwisho, washa inacheza ukiigusa na kidole. Ikakazwa na mtetemo ukaisha hapo hapo. Hiyo ya breki na namba moja fanya na mtu unayemwamini, na wewe usisimame mbele ya gari.

Hata kama bolti zote zimekaza, mauntingi zinaweza kuwa zimekazwa zikiwa zimejipinda, ju gia boksi ilipandishwa na jeki ikasukumwa mpaka mashimo yakakutana. Raba ikikaa imevutwa upande mmoja haimezi tena mtetemo, inaupitisha wote kwa bodi. Dawa yake haina gharama: legeza bolti za mauntingi zote kidogo bila kuzitoa, gia boksi ikiwa imeshikiliwa na jeki, tikisa injini kwa mkono ijipange yenyewe, ama iwashe ikae nusu dakika, zima, alafu kaza. Gari za nyuma, yaani zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama Hiace, angalia pia ile membari inayobeba gia boksi haijawekwa mbele nyuma. Inaingia pande zote mbili kwa gari zingine, na ikigeuzwa raba inakaa imevutwa milele.

Egzosi ndio ya pili. Bomba la kwanza lilifunguliwa ili gia boksi ipite, likarudishwa, na sasa limegusa membari ama hanga moja halikurudi. Pitisha mkono kati ya bomba na bodi mahali pote gari ikiwa baridi. Ukikuta chuma kinang'aa mahali kimesuguliwa, umeshaipata.

Alafu waya ya athi ya gia boksi. Ikisahaulika, stata inatafuta njia ingine ya kurudisha moto, unaweza kuona kebo ya akselareta ama ya klachi inapata joto, na kompyuta ya injini inaanza kupata taarifa za ovyo. Na sensa ya krenki, kwa gari ambazo iko karibu na flaiwili, soketi yake isipoingia vizuri ama sensa ikikaa na uchafu injini inakohoa na watu wanasema ni mtetemo wa klachi.

Silinda ambayo haichomi

Kama dalili ni mbaya RPM ikiwa chini na inatulia ukikanyaga mafuta, angalia hii kabla hujagusa kitu kingine. Gari ya petroli yenye koili juu ya kila plagi kama 1NZ ya Probox: zima injini, chomoa soketi ya koili moja, washa, skia. Mtetemo ukizidi, hiyo silinda ilikuwa inafanya kazi. Ukichomoa na hakuna kilichobadilika, hiyo ndio imelala. Usiendeshe hivyo muda mrefu ju petroli isiyochomeka inaenda kuchoma kataliti. Angalia pia mipira ya hewa, fundi akitoa filta ya hewa ili apate nafasi anaweza kuacha mpira mmoja mdogo haujarudi, injini inavuta hewa ya wizi.

Dizeli za zamani zenye pampu ya kawaida kama injini ya Toyota 5L, unalegeza nati ya paipu ya nozeli moja moja na unaskia vile vile. Lakini hii usiwahi kufanya kwa common rail, hizi D4D na wenzake. Mafuta yake yana presha ya zaidi ya baa elfu moja, yanaingia kwa ngozi kama sindano na unaweza kupoteza mkono. Hiyo unapima na mashine ya kusoma kompyuta, basi.

Ikitetemeka ukiwa unaenda tu

Kama ikiwa imesimama iko sawa mpaka 3000 lakini barabarani inatetemeka, wachana na flaiwili. Tafuta mahali pamenyooka na hakuna watu, watu wa Kisumu hapo Kano kutoka Ahero kuelekea Awasi panafaa. Fika 70 ama 80, kanyaga klachi uache RPM ishuke, gari inaserereka. Usizime injini, utapoteza nguvu ya breki na usukani. Mtetemo ukibaki vile vile, unafuata magurudumu: propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma), drive shaft, tairi.

Propela iko na siri moja. Kwa gia boksi nyingi za gari za nyuma, namba nne ni moja kwa moja, propela inazunguka sawa sawa na injini, kwa hivyo ukiwa namba nne huwezi kutofautisha kama ni injini ama propela. Shika 60 kwa namba tatu, alafu 60 ile ile kwa namba nne, alafu tano. Mtetemo ukibaki ule ule ni propela ama magurudumu, ukibadilika na gia ni injini. Propela ilitolewa ndio gia boksi ishuke, na kama hawakupiga alama kabla ya kufungua, kuna uwezekano imerudi imegeuka. Fungua bolti nne za nyuma, geuza nusu mzunguko, funga, jaribu tena. Angalia krosi na senta bering ukiwa hapo chini. Kwa gari inayovutwa na magurudumu ya mbele, drive shaft ambayo haijaingia mpaka iskike "tak" ndani ya gia boksi itatetemeka ukivuta na kutulia ukiachilia mafuta.

Ile ya kuruka wakati wa kutoa gari pekee, kwa mfano ukitoka Mamboleo unapanda kuelekea Kiboswa na gari inadunda kila ukisimama na kuanza, hiyo ni uso wa klachi. Mafuta ama grisi imegusa pleti, sili ya nyuma ya krenki inavuja, ama flaiwili haikuskimiwa (kuchongwa uso kwa lathe) ikawa sawa. Ama tena mauntingi, hizo hazikosi mahali popote.

Imethibitishwa ni flaiwili ama presha pleti

Sawa, sasa gia boksi inashuka, na uwe hapo. Kitu cha kwanza ulizia flaiwili ya zamani kabla haijauzwa skrepu, na hii ungeisema siku ya kwanza kabisa. Zipime zote mbili kwa mizani, linganisha kimo, mashimo ya bolti, na yale mashimo ya drili pembeni ambayo kiwanda hutoboa kubalansi. Flaiwili ya injini inayofanana inaweza kuingia bolti zote na meno ya stata yakashika vizuri lakini uzito ni mwingine. Kuna injini ambazo flaiwili yenyewe ni sehemu ya balansi ya krenki, mfano unaojulikana ni Ford 302 V8 ya Marekani, ambapo flaiwili za miaka ya zamani na za kuanzia miaka ya 80 hazibadilishani kabisa. Toyota nyingi tunazoendesha huku si hivyo, flaiwili inabalansi peke yake, na hiyo inarahisisha maisha.

Ukiitoa, angalia uso wa krenki mahali inakaa. Kipande cha kutu ama rangi ama mchanga mdogo hapo katikati inatosha kuifanya ikae imeinama na ukingo wake uyumbe. Safisha na waya, rudisha, kaza bolti kwa kuvuka, hatua kwa hatua, na toki renchi kwa kipimo cha injini hiyo, alafu pima na ile geji ya saa ambayo watu wa lathe wako nayo, ncha ikigusa uso wa flaiwili huku mtu akizungusha krenki polepole na kuisukuma upande mmoja kila wakati. Toyota nyingi kikomo ni milimita 0.1. Ikizidi, jua kama ni flaiwili ama krenki kwa kupima uso wa krenki wenyewe.

Presha pleti nayo iko na doweli zake, na bolti zake zinakazwa kidogo kidogo kwa kuvuka. Klachi pleti ina upande, mara nyingi imeandikwa upande wa flaiwili, ikigeuzwa springi zinagusa bolti. Watu wa Subaru, kuna alama ya duara kwa flaiwili na kwa presha pleti, na hizo mbili zinatakiwa ziwe mbali angalau digrii 120, ju kila moja ndio upande mzito. Ukiziweka pamoja umejumlisha uzito badala ya kuutoa. Hata kwa gari zisizo na alama, kama doweli zinaruhusu, kugeuza presha pleti theluthi moja ya mzunguko ni kipimo kizuri: mtetemo ukibadilika, hata kama haujaisha, unajua ni hizo mbili, peleka zote pamoja zikabalansiwe kwa mashine.

Njia ingine ambayo mafundi wengi hawaipendi ju ni kazi mara mbili: rudisha gia boksi bila klachi kabisa, flaiwili pekee, washa injini, panda RPM zile zile. Ikiwa laini, flaiwili haina makosa na presha pleti ndio mbaya. Gari haiwezi kwenda lakini jibu unalo.

Kwa wenye Navara D40 ama VW za TDI na kadhalika, hizo huja na flaiwili mbili ndani ya moja, zimeunganishwa na springi. Ukiambiwa "hii ya chuma kimoja ni bei poa na haiharibiki," ni kweli haiharibiki haraka, lakini ile kazi ya springi kumeza mapigo ya dizeli sasa haina mwenyewe. Utaskia mngurumo na gia boksi ikikokota chini ya 1500 hivi, na hakuna balansi itatoa hiyo. Angalau klachi pleti yake iwe ile yenye springi katikati. Usipigane na fundi juu ya hiyo, ndivyo ilivyo.

Ikisharudi, rudieni kipimo kile kile cha 1500 mpaka 3000 hapo hapo garage kabla hujalipa, na kama flaiwili, presha pleti na mauntingi zote zimepita na bado inavuma kwa 2500, nenda mbele ya injini uangalie puli ya krenki ikizunguka. Mafundi wengine hufungua bolti za flaiwili kwa kukwamisha hiyo puli na patasi, na ile raba iliyo katikati yake inaachana. Utaiona inayumba bila kutumia kifaa chochote.